Bia Aliyoimwaga Kunegunda

Kunegunda Haule alikuwa na ulimi ulioaminiwa mtaa mzima wa Bombambili kuliko mizani ya dukani. Miaka thelathini na minne alipika komoni, ile pombe ya pumba za mahindi na kimea cha ulezi, na watu walitoka mpaka Ruhuwiko kuja kukalia mabenchi ya kilabu chake. Ila sifa yake kubwa haikuwa kupika, ilikuwa kuonja. Ikija harusi au kipaimara, pombe haikuguswa na mtu mpaka Kunegunda aitwe. Aliletewa kata ya kwanza mbele ya watu wote, akapiga funda moja. Akimrudishia mpishi kata, watu wananywa. Akiimwaga chini, pombe hiyo imekwisha, na hakuna anayeuliza kwa nini. Katika miaka yote hiyo alikuwa amemwaga mara sita tu, na mara zote sita hakukosea.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Muonjaji hawakumtaja, wakidhani labda yeye hasifiwi.

Valence alikuwa mtoto wa marehemu Jovina, mdogo wake Kunegunda. Alikuwa mwalimu wa sekondari huko Namtumbo, akaacha kazi. Kisa? Bia. Alikutana Mbinga na mzee mmoja Mbelgiji, fundi wa mashine za kukoboa kahawa, aliyejipikia bia nyumbani kwake kwa namna ya kwao: nyeusi, nzito, kali, ya kunywa kidogo kidogo. Valence akamng'ang'ania mzee yule kila likizo mpaka akafundishwa. Sasa alikuwa na chumba cha matofali nyuma ya nyumba yake pale Bombambili, mapipa mawili, na chupa mia na themanini zilizolala gizani miezi minne zikijichachua zenyewe kwa mara ya pili.

Mtaa mzima uliisema bia hiyo kabla haijaonekana. "Mama, jiandae," wateja walimtania Kunegunda wakiwa wameshika vikombe vya komoni yake. "Mtoto wako anakuja kukufungia kilabu." Alicheka nao. Usiku alikuwa hacheki.

Jumamosi ile mchana Valence aliweka meza uani, akaita majirani na Tadei, mwenye baa kubwa kule mjini. Tadei alikuwa amesema wazi kwamba muonjaji akiikubali, atachukua chupa zote na zitakazofuata. Akiikataa, asisumbuliwe tena. Na Valence mwenyewe alikwishamwambia mke wake kwamba hii ikishindikana, anarudi kushika chaki.

"Shikamoo mama mkubwa," alisema, akipiga goti kidogo kama alivyolelewa.

"Marahaba, baba."

"Naomba unionjee."

Valence akafungua chupa, akamimina taratibu kwenye glasi yenye mguu, akampa kwa mikono miwili. Bia ilikuwa nyeusi. Kunegunda alipoiinua juani ikaonyesha wekundu wa ndani. Povu lilisimama juu, rangi ya chai ya maziwa, halikutaka kushuka. Akanusa. Ilinukia zabibu kavu, na karafuu kwa mbali, na mkate ulioungua ukingoni. Akapiga funda lake moja.

Kwanza ulikuja utamu, ule wa sukari iliyochomwa mpaka ikawa nyeusi. Kisha ndizi mbivu. Kisha uchungu mdogo ukapita kufagia utamu wote, na mwisho joto likamshuka kifuani na kukaa. Chini ya vyote hivyo akaukuta ulezi, kimea cha ulezi kilichokaangwa, na kimekaangwa na mtu anayejua moto. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua.

Ilikuwa nzuri. Kunegunda alijua ilikuwa nzuri kama anavyolijua jina lake. Alijua pia kwamba katika miaka thelathini na minne hakuwahi kupika kitu cha kuifikia, na kwamba kijana huyu, ambaye yeye mwenyewe alimfuta kamasi utotoni, alikuwa amempita akiwa na mapipa mawili tu. Wivu ukamwingia. Macho yote uani yalikuwa kwake, na yeye akaigeuza glasi, akaimwaga.

Baadaye angependa kusema mkono uliteleza. Haukuteleza.

Tadei akaisukuma glasi yake mbali bila kuigusa, akatafuta funguo za gari mfukoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Valence alibaki akilitazama lile povu linavyozama kwenye vumbi. Kisha akainua uso, akasema, "Asante, mama mkubwa."

Na watu, kwa kuwa walikuja wakiwa na kiu, wakahamia kwa Kunegunda. Kilabu kilijaa jioni ile kuliko sikukuu. "Umetuokolea matumbo yetu, mama!" walisema. Akawachotea. Kila aliyemsifu alimwongezea, si kwa ukarimu, bali ili anyamaze.

Alfajiri ilimkuta macho wazi. Ilikuwa Jumapili, na angeweza kwenda misa ya kwanza akaungame kwa padri. Padri angemsamehe upesi mno. Akajifunga khanga, akapita kanisa likipiga kengele, akaenda kwa Valence. Aibu ilikuwa inamwasha mwilini kama upupu, lakini njiani alijipa moyo. Atasema kweli, Tadei ataitwa tena, chupa si zipo? Tena yeye mwenyewe atamtembelea Tadei na kumwambia.

Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Zabibu, karafuu, mkate. Udongo wa ua mzima ulikuwa umelowa na kuwa mweusi, nyuki wametanda, na ukutani zilipangwa chupa tupu, safu kwa safu. Valence alikuwa amekaa juu ya kreti, suruali imekunjwa magotini, miguu imelowa.

"Mama mkubwa! Umewahi. Nimebakiza moja, nilitaka nikuletee unioneshe kosa liko wapi."

Kunegunda aliishikilia nguzo ya baraza.

"Umezimwaga zote?"

"Ningemnywesha nani? Wewe umeshasema."

"Valence, haikuwa na kosa." Sauti ilimtoka nyembamba, akarudia kwa nguvu. "Haikuwa na kosa, mwanangu. Ilikuwa nzuri. Nimeonja pombe zote za mji huu, sijaonja nzuri kama ile. Nilidanganya. Nilikuonea wivu."

Alisubiri. Alitaka atukanwe, afukuzwe, arushiwe kreti. Valence akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto anayeficha kitu mgongoni.

"Mama mkubwa, wewe unionee wivu mimi?"

"Nakuambia kweli!"

"Najua unanihurumia. Ungekuwa mtu wa kudanganya, jana ungenidanganya mbele ya Tadei nikapona. Hukufanya hivyo. Ndiyo maana watu wanakuamini."

"Fungua hiyo moja. Onja mwenyewe!"

Akafungua. Povu lilisimama vilevile, rangi ileile ya chai ya maziwa. Kunegunda aliinyakua glasi, akanywa, akanywa tena mpaka nusu, mbele ya macho yake, huku akitikisa kichwa kuonyesha utamu. "Unaona? Naimeza! Nani anameza pombe mbovu?"

"Taratibu, mama mkubwa, utaumwa." Valence akaitoa glasi mkononi mwake kwa heshima, akaonja naye. Aliizungusha bia mdomoni, amefumba macho. Kunegunda alimtazama kama anayesubiri hukumu. Aliona paji la uso likikunjamana.

"Ipo," alisema Valence. "Uchachu fulani, hapa nyuma ya ulimi. Nilivyo mjinga, miezi yote minne nilikuwa siusikii. Tangu jana ulipomwaga, kila nikionja nausikia."

"Hakuna uchachu, Valence! Hakuna!"

"Upo, mama mkubwa. Asante kwa kunifunza." Akainama, akamimina iliyobaki chini taratibu, asije akaulowesha mguu wa Kunegunda. "Kesho nakwenda Namtumbo kumwona mkuu wa shule. Nilimpigia simu jana usiku, akasema nafasi yangu bado haijapata mtu."

Kunegunda akaketi juu ya kreti, akalia kwa sauti kama mtu aliye msibani, na Valence, akidhani analia kwa ajili ya hasara yake, akachuchumaa kando, akamshika bega, akambembeleza.