Mpira Uliomtafuta Kithaka

Muthamia alipotoka Githongo kuja Embu kufundisha mashambulizi katika timu ya raga ya chuo, aliambiwa mapema kwamba shida yao ni namba kumi. Huyo ndiye anayepokea mpira kutoka kwa namba tisa na kuamua kama ataupiga teke, atampasia mwenzake au atakimbia nao. Kithaka, aliyeivaa jezi hiyo tangu ajiunge na chuo, aligongwa na lori akafa akienda kwao Karurumo. Waliomrithi hawakudumu.

Sasa alikuwepo Swaib, kijana wa mtaa wa Dallas hapohapo Embu, ambaye baba yake ana bucha mjini. Alikuwa na teke zuri na akili ya haraka, lakini kila mpira aliupokea akiruka. Muthamia akamfundisha kutulia, kuwasoma mabeki mapema, kutanguliza mikono. Haikusaidia. Akamjaribu Mutwiri, wa akiba. Naye akaanza kuruka.

Ndipo Muthamia akamgeukia anayetoa pasi. Nthiga, namba tisa, alikuwa akitupa mpira juu, kushoto kidogo, bila kuinua macho. Alipoulizwa sababu, alisema hajui. Nahodha ndiye aliyemweleza kocha pembeni kwamba Kithaka alikuwa mrefu, tena wa mkono wa kushoto.

Tangu hapo mazoezi yakawa mazito. Mpira ukipita juu ya kichwa cha Swaib, wenzake waligeuka kutazama, kana kwamba kuna mtu atakayeudaka. Mwishowe Swaib akaja kuirudisha jezi.

"Nikisimama pale naskia baridi, kocha. Ni kama nimesimama ndani ya mtu."

Muthamia hakucheka. Alimwomba abaki, na kabla ya kila pasi alitaje jina lake mwenyewe, mpaka Nthiga alisikie.

Siku za kwanza sauti ya Swaib ilikuwa ndogo. Baadaye ikapanda, na mpira ukaanza kushuka: begani, halafu kifuani.

Walipocheza na chuo kimoja cha Meru, Swaib alilitaja jina lake mchezo mzima. Kila pasi ilimfikia kifuani, naye akawafungulia wenzake njia mpaka wakashinda. Wengine waliimba. Nthiga aliketi peke yake chini ya milingoti, viatu bado miguuni. Muthamia akaketi kando yake.

"Alikuwa anasimama pale kila siku," Nthiga alisema. "Leo nimeangalia, hayuko."

Kocha alikaa naye mpaka ukungu ukafunika mstari wa mwisho.

Nthiga hakutupa juu tena. Lakini kabla ya kila pasi alianza kuinua macho na kutafuta, na kwa kitambo hicho kidogo wapinzani walimfikia. Muthamia aliliona kosa hilo katika kila mechi. Hakuwahi kulisahihisha.