Magoti ya Dabaso

Jedida alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali moja ya Kilifi, na kwa miaka minne magoti yaliyomfikia yalikuwa ya namna mbili: ya wazee, na ya wanawake waliocheza netiboli. Ya wazee aliyaelewa. Haya ya pili ndiyo yaliyomuudhi. Mwanamke wa miaka ishirini na mbili, mzima kabisa, anaruka kudaka mpira, anatua kwa mguu ulionyooka kama mchi, na goti linaachia. Baada ya hapo miezi sita haendi shamba wala hachoti maji.

Basi mwaka wa themanini na tano akaomba ruhusa ya kufanya utafiti. Ligi ya wanawake ilikuwa na timu sita. Tatu zingefanya mazoezi aliyoyapanga yeye, robo saa kabla ya kila mchezo: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka, na kutua polepole magoti yakiwa yamekunjwa. Tatu nyingine zingeendelea na mambo yao kama kawaida. Mwisho wa msimu angehesabu walioumia pande zote mbili na kulinganisha. Profesa wa Nairobi aliyemsimamia aliusifu mpango ule. Kwenye karatasi ulikuwa mwepesi.

Timu ya Matsangoni iliangukia upande wa mazoezi. Nahodha wao, Nyevu, alikuwa mwalimu wa chekechea, mrefu, na maneno hayakuwa yakimpiga chenga.

"Daktari," alisema siku ya kwanza, ingawa Jedida alikwisha kumwambia mara tatu kwamba yeye si daktari, "watu watatucheka. Tumekuwa kama korongo."

"Waache wacheke. Kunja goti."

"Nimekunja."

"Hujakunja, dada. Umeinama kiuno tu."

Mazoezi yakazoeleka, lakini fomu hazikuzoeleka. Kila nahodha alipewa fomu ya kujaza kila wiki: nani ameumia, wapi, amekaa nje siku ngapi. Fomu za Matsangoni zilirudi na neno moja tu, "hakuna", wiki baada ya wiki. Jedida alianza kufurahi, mpaka Jumamosi moja alipomwona mfungaji wao, Hannah, akitoka uwanjani anachechemea, kifundo cha mguu kimeumuka kama kitumbua.

"Huyu mbona hayumo kwenye fomu?"

"Hannah hajaumia," Nyevu akasema. "Ameteguka tu."

"Kuteguka ndiko kuumia," Jedida akasema.

"Ukimwandika utamkataza kucheza. Na wiki ijayo tunacheza na Kilifi."

Jedida akaomba faili lote la fomu, akaanza kupekua. Zile za wiki tatu zijazo zilikuwa zimekwisha kujazwa. Hakuna, hakuna, hakuna, kwa kalamu ileile. Alizitia mkobani bila kusema neno, maana neno lililomjia halikuwa la kusemwa mbele ya watu. Tangu siku hiyo akawa anapanda basi kila Jumamosi kwenda kuhesabu kwa macho yake mwenyewe.

Kufikia mwezi wa saba tofauti ilianza kuonekana, ndogo, lakini ipo. Akaanza kulala vizuri.

Ndipo siku moja basi likamfikisha Dabaso mapema. Dabaso walikuwa timu ya kulinganisha, wasiotakiwa kufanya zoezi lolote. Alizunguka nyuma ya madarasa ya shule akitafuta kivuli, akawakuta wamejipanga mstari mmoja, kila mwanamke amesimama kwa mguu mmoja, na nahodha wao, Kahonzi, anahesabu kwa sauti.

"Mnafanya nini?"

"Karibu, daktari," Kahonzi akasema, mguu bado uko juu. "Tunapasha misuli."

"Nani amewafundisha?"

"Wifi yangu, Nyevu wa Matsangoni. Si nimeolewa na kaka yake?"

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

Jedida alipiga hesabu kichwani na kila wiki aliyoihesabu ilizidi kumchoma. "Kahonzi, nyinyi ni timu ya kulinganisha. Nilieleza. Mlikubali, mkatia sahihi. Kazi yenu ni kutofanya mazoezi haya."

"Tusifanye, halafu?"

"Halafu mimi ninaangalia..."

"Unaangalia nani ataumia," Kahonzi akammalizia, bila hasira. "Mimi nina watoto watatu na shamba la mihogo. Goti likinitoka, atalima nani?"

"Lakini hata mimi sijui kama mazoezi haya yanafaa. Hilo ndilo nilikuwa ninalitafuta."

Kahonzi alimtazama kwa huruma kidogo. "Basi wifi yangu anajua," akasema, akageukia wenzake. "Haya, kuruka."

Wakaruka. Wakatua kwa visigino, magoti yakiingia ndani hadi yakagusana. Nyevu alikuwa amewafundisha nusu, tena nusu iliyo mbaya.

Jedida aligeuka kuelekea barabarani. Alijua la kufanya: kuwatoa Dabaso kwenye hesabu, kuziokoa zile timu mbili za kulinganisha zilizobaki, na kutotia mkono. Nyuma yake visigino viliendelea kupiga ardhi ngumu, puu, na tena, puu. Hakufika hata kwenye lango. Akarudi, akautupa mkoba chini.

"Simameni. Nani amewaambia magoti yaingie ndani? Mkitua hivyo mtaumia vibaya kuliko ambaye hajafundishwa kitu." Akavua viatu, akasimama mbele yao, akaruka na kutua. Aliwafundisha kwa dakika arobaini, huku anagomba mwanzo hadi mwisho. Mchezo ulichelewa kuanza.

Jumatatu yake alizungukia zile timu mbili nyingine. Moja nayo ilikuwa imekwisha kuanza. Akamwandikia profesa kila kitu. Jibu likaja baada ya majuma mawili: utafiti umekufa, aanze upya mwakani na timu zilizo mbali moja na nyingine, mahali ambapo wachezaji hawana undugu wala ushemeji. Jedida aliisoma barua mara mbili. Alipita kijiji kimoja kimoja akilini, kutoka Kilifi hadi Malindi, akitafuta mahali kama hapo, na hakupaona.

Rejista ya hospitali ilimwonyesha wanawake kumi na tisa wa ligi walioletwa msimu uliotangulia. Msimu huu walikuwa wanane. Huenda ni mazoezi. Huenda ni mvua, iliyonyesha sana mwaka ule na kulainisha viwanja. Aliandika yote mawili kwenye ripoti yake, na hakuna aliyeomba kuichapisha.

Siku ya mchezo wa mwisho alimkuta Nyevu pembeni ya uwanja.

"Umeniharibia kazi ya mwaka mzima," alimwambia.

"Nimeharibu vipi? Si wamesaidika?"

"Hawakuwa wagonjwa, Nyevu."

"Na mpaka leo si wagonjwa," Nyevu akasema, akasogea kumpisha mahali pa kukaa.

Jedida hakukaa. Alizunguka hadi upande wa pili wa uwanja, akatazama mchezo peke yake, na hasira ilianza kumshuka wakati wa mapumziko.