Mkamwana wa Mzee Wangwe

Dorka alikuwa muuguzi katika mji wa Mugumu, Mjaluo aliyeolewa na Nyamhanga, Mkurya wa Itiryo. Mwaka mzima mumewe aliahirisha kumpeleka kwao mlimani, jirani na mpaka wa Kenya. Walipofika, Dorka akaelewa kwa nini. Mama mkwe, Kisyeri, alimpokea vizuri, lakini shangazi wa mumewe alimwita msichana mbele ya watu, kwa sababu Wajaluo hawakeketi, na kwa Wakurya asiyekeketwa hahesabiwi mwanamke mzima. Baba mkwe, mzee Wangwe, aliitikia shikamoo yake bila kumtazama.

Siku ya pili, mchana, yowe lilisikika bondeni. Vijana walikuwa wanarudi na ng'ombe walioibwa alfajiri. Walikuwa na mwizi pia, kijana wa ng'ambo ya mpaka, paja limekatwa panga. Wakambwaga mbele ya wazee.

"Aachwe hapo hapo," mmoja alisema. "Damu itamaliza kesi."

Wanawake hawakanyagi pale wazee wanapoketi. Kisyeri alimshika Dorka mkono. "Mwanangu, usiende."

Dorka alijinasua. Alipita katikati ya wazee huku akifungua kanga yake ya juu, akapiga magoti, akalifunga paja lile kwa kanga hiyo na kuikaza kwa nguvu zake zote.

"Huyo ni mwizi," kijana mwenye panga alimwambia. "Toka."

"Ni mwizi, ndiyo. Akipona mumpeleke polisi. Akifia hapa, ndugu zake watavuka mpaka, na mimi nitakuwa nafunga vidonda vya watoto wenu."

Wangwe aliinuka na fimbo yake. Dorka alijua sasa anafukuzwa. Mzee akaja akasimama kati yake na lile panga.

"Huyu ni mke wa mwanangu. Mmemsikia anavyoongea? Anayetaka kumtoa aanze na mimi." Kisha, bila kugeuka, akamuuliza Dorka, "Mama, unahitaji nini?"

"Maji safi na pikipiki, baba."

Vilikuja vyote. Mwizi alifika kituo cha afya akiwa hai, na polisi walimkuta huko.

Asubuhi yake ua ulikuwa umejaa wanawake. Yule shangazi alikuwa wa kwanza, amebeba mjukuu anayetoka usaha sikioni. Wangwe alikuwa ameketi langoni, akimuuliza kila aliyeingia kwa sauti iliyofika mpaka jikoni:

"Umekuja kwa mkwe wangu? Pita. Ila msubiri, anakunywa chai kwanza."