Barabara Iliyopita Juu ya Kitanda cha Mozell

Jumamosi ile, baada ya kuosha vyombo, Mozell Hatcher alipanga viraka tisa juu ya kitanda, vitatu kwa vitatu, akavuta kigoda akakaa kuvitazama. Wanawake wa kona ile ya mto, huko Alabama, hawachori mfarishi, lile blanketi la viraka, kabla ya kuushona. Wanakata viraka vya aina chache tu: cha rangi moja, cha pembetatu mbili, cha mistari. Kisha wanavigeuzageuza mpaka jicho liridhike. Kiraka kimoja kikizungushwa, nyota inakuwa kinu cha upepo.

Mozell alikizungusha kiraka cha kona ya juu. Nje kukasikika mbao zikilia. Punde jirani yake, Lutie Gaines, akaingia bila hodi, mikono imejaa unga wa mahindi.

"Mozell mwanangu, mlango wangu umegeukia banda la nguruwe."

"Nisamehe, Shangazi. Nilikuwa najaribu tu."

"Jaribu na nyumba yako. Nguruwe ananikodolea macho nikikanda mkate, utadhani nimemkopa."

Mozell alikirudisha kiraka, na nyumba ya Lutie ikarudi ilivyokuwa. Ilikuwa hivyo tangu enzi za bibi yake. Kiraka cha kila nyumba kilikatwa kwenye nguo ya kazi ya watu wa nyumba ile, iliyopauka magotini, na nyumba ilikwenda kilikokwenda kitambaa chake. Viraka vya mistari, vya magunia ya unga, vilikuwa barabara. Kwa kawaida majirani walimwomba avizungushe wakati wa joto, milango ipate upepo wa mtoni, na baada ya hapo walimwacha ashone kwa amani.

Siku hiyo Mozell hakuwa akitafuta upepo. Chini ya kitanda alilala Ezra, mdogo wake, pua imeelekea mbao. Jana yake, kwenye mizani ya pamba, Ezra alimwambia Bwana Tolliver mwenye shamba, mbele ya watu, kwamba mizani yake inasinzia ikipima pamba yao, ipewe kahawa. Watu walicheka. Angesema tu bila watu kucheka, pengine angepigwa na kuachwa, lakini kile kicheko ndicho kilichomponza. Asubuhi mpishi wa nyumba kubwa ya Bwana Tolliver alikuja kunong'ona kwamba lori la wanaume litakuja kabla jua halijatua, na ndani yake kuna kamba. Mto ulikuwa umefurika, na kivuko kilikuwa mali ya Bwana Tolliver, kimefungwa minyororo ng'ambo.

Mozell alitaka barabara ipeleke lori mbali na nyumba yao. Alizungusha kiraka cha mistari, na dirishani yeye na Lutie waliiona barabara ikijikunja, ikatimua vumbi, ikaishia kwenye ngazi za Lutie.

"Thubutu!" Lutie akasema.

Mozell akakihamisha. Safari hii alikuja Shemasi Purvis, kofia mkononi.

"Dada Mozell, barabara iko mlangoni kwangu. Nina mabinti ndani."

"Najua, Shemasi."

"Sisemi kwa ubaya. Nampenda Ezra. Lakini nina mabinti."

Mozell alivipanga upya, akavipanga tena. Vilikuwa viraka vyao wenyewe vyote, kwa hiyo kila alivyovigeuza barabara ilifika kwa mmoja wao. Hakukuwa na kitambaa cha nyumba kubwa hata cha kufunga kidole. Kule, nguo kuukuu zilichomwa uani zisije zikavaliwa na watu wa shamba.

"Dada," Ezra akaita kutoka chini, "iache ije kwetu. Mimi ndiye niliyefungua mdomo."

"Ufunge basi."

Lutie alifuta unga mikononi. Ndiye aliyefua nguo za nyumba kubwa. Alitoka, akarudi na shati jeupe la Bwana Tolliver lililokuwa kwenye karai lake, akalipasua mkia kwa meno.

"Hapa huwa anachomekea," alisema. "Hataona."

Mozell alikata kiraka. Ili kipate nafasi alitoa kile cha akina Motley, waliofukuzwa shambani mwaka uliopita. Nyumba yao tupu ikaondoka mahali pake, na kuku waliokuwa wakitagia humo wakabaki wamesimama juani. Kisha akageuza mistari kuelekea kile kiraka cheupe. Barabara ikainuka, ikapita kando ya kanisa, ikapanda kilimani kwa Bwana Tolliver.

Lori walilisikia likija. Walilisikia likipunguza mwendo penye njia panda, kisha likipanda, likipanda, mpaka mlio wake ukapotea. Shemasi alichungulia dirishani. Chini ya kitanda Ezra alianza kulia kwa sauti ndogo, na hakuna aliyemtania.

Yaliyotokea kilimani aliyasimulia mpishi. Lori lilisimama katikati ya maua ya mke wa Bwana Tolliver. Bwana aliwakaribisha wale wanaume barazani, wakapewa kahawa na pai ya pichi.

"Mmepotea?" aliwauliza.

"Barabara imetuleta hapa."

"Basi tutakwenda kwa miguu," alisema, akafuta mdomo. "Nyumba zao nazijua zote."

Wakakata katikati ya shamba la pamba. Pamba huwekwa ndani ya mfarishi mwishoni, sehemu ya juu ikishashonwa, na Mozell alikuwa bado hajafika huko. Hapakuwa na kiraka cha shamba la pamba cha kugeuza. Aliwaona dirishani wakija, pamba ikiwafika kiunoni, na mikono yake ikawa inahangaika juu ya viraka bila kugusa hata kimoja.

Ezra alitambaa akatoka chini ya kitanda, akajipangusa magoti.

"Wakiniburuta watapindua kitanda," alisema. "Nyumba za watu zitamwagika zote."

"Ezra, tafadhali."

"Mwambie Shemasi aondoke kwanza. Asionekane hapa."

Akaenda kuwapokea uani. Walimchukua kwa kupitia pamba hiyohiyo. Jumapili Shemasi na wenzake walimleta nyumbani wakiwa wamemfunika, na Mozell hakuruhusiwa kumtazama shingo.

Jumatatu Bwana Tolliver alikuja peke yake. Hakuvua kofia. Alisimama kando ya kitanda akavitazama viraka kimoja kimoja, mpaka akafika kwenye kile cheupe. Lutie alishika mwimo wa mlango.

"Shati langu," Bwana Tolliver alisema.

Akakigusa kwa kidole.

"Iacheni palepale barabara. Kila anayekuja kwenu na kila anayetoka, apite barazani kwangu nimwone. Hata mimi nisingebuni vizuri hivi." Akamgeukia Mozell. "Ishone isisogee tena."

Mozell akachukua sindano. Uzi ulikataa kuingia tunduni, mpaka Lutie akaja akamtungia. Akaanza na kile cheupe, kwa mishono midogo midogo, kwa sababu Bwana Tolliver alikuwa ameinama begani kwake na kila baada ya mshono alikivuta kitambaa kuona kama kimeshika.