Ulimi wa Filamu

"Mtatoka lini humo? Bafu si urithi wenu peke yenu!" Shangazi aligonga mlango kwa mara ya tatu.

"Tunamtafuta wifi yako," Baba alimjibu. "Vumilia."

Nikamsikia Shangazi akivuta kigoda nje ya mlango.

Mama alikuwa na miezi minne kaburini. Baba aliwapiga picha watu wa mtaa mzima kwa miaka thelathini, lakini mkewe, kila akielekezewa kamera, alikimbilia nyuma ya mlango. Sasa tulikuwa tumekuta kamera ndogo ya Mama kwenye sanduku lake la nguo, na ndani mna filamu iliyokwisha kupigwa. Macho ya Baba yalikuwa yameingia ukungu. "Ukiikuza picha yake nikaisogeza hadi puani, nitamwona," aliniambia. "Sura yake imeanza kunitoroka."

Tuliziba dirisha kwa blanketi na ufa wa mlango kwa taulo. Gizani vidole vyangu vilipapasa, vyake vilijua. Alilibandua kasha la filamu kwa kifungulio cha soda, akakata ncha ya filamu, ule ulimi, akanipa. Filamu yenyewe akaizungushia kwenye gurudumu, akaifungia ndani ya kopo lisilopitisha mwanga.

"Humu tuko sawa, binti yangu. Nje ndiko unakonizidi."

Niliwasha taa. Chupa mbili zilizowahi kuwa za juisi zilisimama kando ya sinki, zina vikaratasi vya maandishi yangu: moja dawa ya kusafishia picha, nyingine ya kuikazia isifutike. Nikainua ya kusafishia.

"Ulimi kwanza," alisema Baba.

"Baba, dawa nimechanganya mwenyewe jana."

"Mpishi haapi kuwa chumvi imekolea. Anaonja."

Nikakata nusu ya ulimi, nikaidumbukiza huku nimebinua midomo. Kwa kuwa ilishaona mwanga, ilipaswa kugeuka nyeusi. Badala yake ilitakata, ikatakata, mpaka nikaona kucha yangu upande wa pili.

Nikairudisha chupa kando ya sinki. Ningeimimina ile, filamu nzima ingebaki plastiki tupu.

"Shangazi! Chupa zangu umezigusa?"

"Nimezisugua! Zilikuwa na ukoko. Vikaratasi vikabanduka, nikavibandika tena kwa gundi, vizuri kabisa. Kumbe usafi nao ni kosa?"

Baba alicheka hadi akakohoa. "Dada yangu huyu, angekuwa daktari tungekwisha sote."

Nikajaribu chupa ya pili. Nusu iliyobaki ikawa nyeusi tititi. Nikamimina. Dakika tisa nilipinduapindua kopo, Baba akihesabu kwa sauti, kisha dawa ya kukazia, kisha maji mengi. Nilipouvuta mkanda nje, mkono wake ulikuwa begani kwangu.

"Yumo?"

Niliuinua kwenye taa. Mtu anafuta lenzi mlangoni. Mtu amelala, gazeti usoni. Mtu ananyoa ndevu, shavu limevimba. Uongo ulinijia hadi kwenye ncha ya ulimi, nikaumeza.

"Hayumo, Baba. Ni wewe tu. Zote thelathini na sita."

Mkono ukalegea begani.

"Halafu zina kasoro. Kuna kitu kimeziba kona ya juu, kulia."

"Ngapi?"

"Kila moja."

Alikaa polepole juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Kidole," alisema. "Miaka thelathini namwambia, mke wangu, ondoa kidole. Ananiambia nimekusikia."

Niliutundika mkanda kwenye kamba ya nguo.

"Nikukuzie ipi, Baba?"

"Yoyote. Kubwa. Na ole wako uikate hiyo kona."