Namba za Bondeni Busunzu

Mwaka 1975, Theodosia akiwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni Kasulu, Mwalimu Abdalah aliwataka wanafunzi waandike kazi wanayoitaka na hatua za kuifikia, mwaka baada ya mwaka. Mwalimu huyo wa hesabu alikuwa mtu wa Pangani, asiyependa maneno ya juujuu. Wengi waliandika ualimu au ukarani. Theodosia, binti wa seremala wa Busunzu, aliandika: mpima ardhi.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Mpima ardhi anafanya nini kutwa nzima?"

Theodosia akababaika. "Anapima ardhi, Mwalimu."

"Hilo hata mimi nalijua. Likizo hii katafute mwenye kazi hiyo, umwone akitoka jasho. Ukirudi ndipo uniandikie."

Bahati nzuri, siku hizo kijiji kipya kilikuwa kinapangwa Busunzu, na Bwana Bazilio, mpima kutoka Kibondo, alikuwa amepiga hema karibu na kanisa. Asubuhi ya kwanza ya likizo Theodosia alimwendea, daftari kwapani.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kujifunza kazi."

"Marahaba." Bazilio akamtazama toka kichwani hadi miguuni. "Huku kuna miiba na nyoka, binti."

"Nimezaliwa humu humu, mzee. Nyoka wananifahamu."

Bazilio akacheka, akamkabidhi ncha ya mnyororo wa kupimia.

Wiki mbili aliuvuta mnyororo ule mpaka viganja vikaota sugu. Kila jioni alinakili vipimo vya siku, akazikokotoa hesabu upya mpaka zilingane na za mzee. Siku moja zikakataa. Kwenye ramani, safu ya mwisho ya viwanja ilikuwa mita tatu juu ya kijito. Kwake ilitoka mita moja tu. Akarudia mara tatu, jibu lilelile. Yeye ni nani amkosoe mtu aliyepima nusu ya wilaya? Lakini kijito kile alikijua kinavyofurika masika, na watu walikuwa wanakwenda kujenga pale.

"Mzee," alisema kesho yake, "huenda nimekosea mimi, lakini hapa namba zetu zinagombana."

Bazilio alivaa miwani, akasoma. Kisha akajitwika darubini ya kupimia begani, wakashuka bondeni. Theodosia alishika ufito wenye namba, mzee akachungulia. Kufika saa sita akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Nilisoma tatu mahali pa moja! Nyumba kumi na nne zingeingiwa na maji masika ya kwanza."

Safu ikahamishiwa juu mlimani. Ramani ilipokamilika, chini ya jina lake Bazilio aliandika kwa wino mweusi: *Hesabu zimehakikiwa na Theodosia Ildefonsi, mwanafunzi*. Ilipobandikwa ofisi ya kijiji, mama yake Theodosia alimwomba karani aisome mara mbili, kisha akapaza sauti kwa Kiha, "Huyo ni mwana wanje!" yaani mwanangu.

Mpango aliompelekea Mwalimu Abdalah ulijaa kurasa nne. Fizikia, iliyokuwa ikimwangusha, aliipa saa nzima kila siku. Uchoraji angejifunza kwa baba yake, aliyejua kuchora meza kwa vipimo kabla hajakata mbao. Likizo zote zilikuwa za Bazilio. Baada ya kidato cha sita, chuo cha upimaji Dar es Salaam. Si yote yaliyokwenda alivyoandika. Fizikia ilimtoa machozi mpaka mwaka wa mwisho. Hata hivyo alisonga.

Mwaka 1979 aliingia chuoni, msichana peke yake kati ya wanafunzi thelathini. Mkufunzi akataka kila mmoja ajitambulishe. Zamu yake ilipofika, alisimama wima.

"Naitwa Theodosia Ildefonsi. Mimi ni mpima ardhi, natoka Busunzu. Nimekuja kuongeza ujuzi."