Mabaharia wa Pigano la Tisa

Kila siku ya kazi, saa kumi na nusu jioni, Bi Masjala alibandika birika jikoni, akawasha kompyuta ya marehemu mdogo wake, akakaa kitako kushindwa.

Jina hilo alilipata ofisini, katika mamlaka ya vivuko, ambako kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipokea barua, kuzigonga muhuri, kuzipa namba na kuzipanga kwenye rafu za chuma. Hata wifi yake alimwita hivyo. Wifi ndiye aliyemletea kompyuta karibu miaka mitatu baada ya msiba, imefungwa kwenye shuka, akasema hataki kuiona tena nyumbani kwake. Ndani mlikuwa na picha za watoto na mchezo mmoja wa vita vya baharini vya enzi za matanga, umeachwa katikati.

Mdogo wake alikuwa nahodha wa kivuko. Mchana aliendesha chombo cha kweli, jioni akaamuru manowari za kwenye kioo, na mkewe alizoea kuwaambia watu kwamba yeye kaolewa na maji. Katika mchezo ule alishinda mapigano manane. La tisa lilimshinda. Kisha kivuko chake kikazama na watu mia moja na kumi na wawili, naye akiwa mmojawapo, na tume ikaandika kurasa mbili kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa nahodha. Ripoti ilipofika masjala, dada mtu ndiye aliyeipa namba.

Bi Masjala hakuwahi kucheza hata karata. Alichotaka ni kumaliza kazi ya ndugu yake, basi. Wiki ya kwanza alipeleka manowari zake tisa moja kwa moja kwa adui mwenye kumi na nne, zikapasuliwa kama kuni. Wiki ya pili alijifunza kukaa upande wa joshi, kule upepo unakotoka, ili awe yeye wa kuchagua saa ya kushambulia. Akajifunza kutopiga mizinga kwa mbali, kwa sababu kuijaza upya kunachukua muda, na adui hangoji. Akajifunza kuzipanga manowari msururu mmoja, kila moja ikilinda makalio ya iliyo mbele.

Kujifunza ni jambo moja, kutiiwa ni jingine. Amri zilipelekwa kwa bendera, na bendera zilisomwa zikiwa zimeshachelewa. Manowari ya nne iligeuka kushoto ilipoambiwa kulia. Ya sita iliigonga ya tano kila mara, hata bahari ikiwa tupu. Upepo ulisubiri mpaka amemaliza kujipanga, ndipo ukahama. Haya yote aliyavumilia, maana alikuwa mtumishi wa umma na alishazoea amri zisizofika.

Asilolivumilia ni ile manowari kubwa, yenye safu tatu za mizinga, ambayo bila hiyo pigano halishindiki. Kila ilipogeuka ililala ubavu, ikanywa maji, ikazama kabla ya kufyatua hata risasi moja. Aliigeuza haraka ikazama. Akaigeuza polepole, nusu ya matanga yamekunjwa, ikazama. Aliigeuza siku ya shwari, maji yametulia kama maziwa kwenye kikombe, nayo ikazama vilevile. Na kila mara, kwa maneno yaliyotafsiriwa na mtu mwenye haraka zake, kioo kiliandika: *Meli yako amekufa. Sababu: uzembe wa nahodha.*

Mara arobaini na moja Bi Masjala alisoma uzembe wa nahodha. Mara ya arobaini na mbili hasira ilimpanda mpaka akasimama, na hapo ndipo mabaharia walipoanza kutoka.

Wa kwanza aliweka kiwiko kwenye ukingo wa meza, akasogeza kikombe cha chai kisimwagike, akateremka. Wakamfuata sita. Walikuwa wamelowa chapachapa, na maji yao yalikuwa ya chumvi. Kukatokea kusitasita kidogo kuhusu nani amwamkie nani, kwa kuwa wao walikuwa na umri wa miaka mia mbili na ushei, lakini mkubwa wao hakuonekana kupita thelathini. Mwishowe wakaafikiana kwamba mwenye nyumba ndiye mkubwa, wakamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba na kwenda kutafuta mataulo.

Jirani wa ghorofa ya chini alipanda kulalamika kwamba dari lake linavuja. Alipoelezwa kuwa kuna mabaharia saba waliozama, alisema pole zao, lakini si wangekaa bafuni. Wakahamia bafuni mpaka wakakauka kiasi, kisha wakarudi sebuleni.

Msemaji wao alikuwa mpiga mizinga mwenye kidole gumba kilichoungua. Alimwambia Bi Masjala asijilaumu, kugeuza anajua. Manowari ile, alieleza, iliundwa kwa safu mbili za mizinga. Mwenye meli akasikia kwamba jirani yake ana yenye tatu, akaamuru iongezwe ya juu. Ili pawe na nafasi ya risasi, wakatoa farumi, yale mawe ya tumboni yanayoifanya meli isimame wima. Madirisha ya mizinga ya chini yakabaki shubiri moja tu juu ya maji. Nahodha alisema, mafundi walisema, hata mpishi alisema.

"Tukaambiwa bendera zimeshapandishwa na wageni wako gatini," alisema mpiga mizinga. "Mama, hiyo haina namna ya kuigeuza. Ilizama siku ilipochorwa."

Bi Masjala aliweka kikombe mezani. Mwaka mmoja kabla ya ajali, kivuko cha mdogo wake kilikuwa kimeongezewa sitaha ya juu yenye viti mia moja na hamsini. Utepe ulikatwa, watu wakapiga makofi. Yeye mwenyewe alikuwepo, na alipiga makofi.

Jioni ya pili manowari ilipozama, walitoka wale saba na wa nane akiwa mdogo wake. Alivaa shati lake jeupe la kazi, na kiatu kimoja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona uko na hawa?"

"Huko chini ni pamoja," alijibu. "Hakuna anayeuliza umezama na chombo gani."

Alimkalisha kwenye kochi, akamtengenezea chai, naye akaishika kwa ajili ya joto tu. Akauliza habari za mkewe na watoto, dada akamjibu moja baada ya jingine: mkubwa yuko darasa la sita, mdogo amepoteza meno ya mbele, mke hapiti tena njia ya gatini. Kisha akamuuliza swali alilolala nalo miaka mitatu: kwa nini alikubali kuondoka na kivuko kile?

"Sikukubali. Niliandika barua kwamba kikipata mawimbi ya ubavuni kitalala. Nikaambiwa abiria wameshapanda, na nisipoendesha mimi yupo wa kuendesha, yule kijana aliyemaliza mafunzo mwezi uliopita. Nikaona bora niwe mimi."

"Barua yenyewe iko wapi?"

Mdogo wake alimtazama kwa upole. "Dada, unaniuliza mimi? Masjala ni wewe."

Asubuhi aliipata kabla ya saa nne. Ilikuwa rafu ya tatu, ndani ya jalada la ukarabati wa vyoo. Ilikuwa na muhuri wa kupokelewa, na chini ya muhuri saini yake mwenyewe, iliyonyooka vizuri. Siku ile zilikuja barua arobaini. Aliipeleka juu pamoja na nyingine, ikarudi na maandishi pembeni, *ihifadhiwe*, naye akaihifadhi mahali alipoelekezwa. Hakuisoma. Alishawahi kuwafundisha makarani watatu kwamba kazi ya masjala si kusoma. Alikaa juu ya ngazi ya kupandia rafu, akaisoma sasa, mistari kumi na miwili, kwa mwandiko aliouona ukikua tangu darasa la kwanza.

Mkurugenzi hakuwa mtu mkorofi. Alimsikiliza, akampa pole upya, akampangia tarehe tume ikae tena.

Siku hiyo dada na mdogo wake walikwenda kwa miguu, mabaharia nyuma yao, njia nzima ikibaki na alama za nyayo zilizolowa. Mlinzi wa lango aliwataka wote waandike majina kwenye daftari la wageni. Wino ukasambaa, akawaambia si kitu, waingie tu. Wajumbe watatu wa tume walikuwa wamekaa nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji ya kunywa.

Barua ilisomwa. Nahodha alisimama akaeleza upepo ulitoka wapi, sitaha ya juu ilikuwa na watu wangapi, kivuko kililala kwa nyuzi ngapi, na alichokiona kupitia dirisha la chumba cha usukani kabla maji hayajalifunika. Hakupandisha sauti. Mpiga mizinga akaongeza ya kwao. Mwenyekiti alishukuru kila aliyesema.

Uamuzi ulitoka kabla ya chakula cha mchana. Tume ilikubali kwamba barua ni ya kweli na muhuri ni wa kweli. Lakini kwa kuwa ilikutwa katika jalada la vyoo, ni barua inayohusu vyoo. Mabaharia walizama na chombo kingine, tena hawana hati za kusafiria. Kuhusu shahidi mkuu, sheria haina kifungu cha kupokea maneno ya marehemu.

"Asiyekuwapo na lake halipo," alisema mwenyekiti, si kwa ubaya.

"Nipo," alisema nahodha.

"Kisheria hupo."

Hata hivyo, aliendelea mwenyekiti, kwa vile nahodha ni mtumishi na amejitokeza mwenyewe, itambidi aeleze kwa maandishi, ndani ya siku kumi na nne, sababu za kutoonekana kazini kwa miaka mitatu.

Bi Masjala alisimama bila kupewa nafasi.

"Watu mia moja na kumi na wawili," alisema. "Kuna mama alikuwa anarudi kutoka kliniki na kadi ya mtoto mfukoni. Mdogo wangu aliwaambieni. Alichukua kalamu akawaambieni, nanyi mkaniletea nimfiche chooni, nami nikamficha. Uzembe ni wangu na ni wenu. Andikeni hivyo."

Katibu aliandika. Kumbukumbu za kikao ziliposhuka masjala wiki iliyofuata ili zipewe namba, mahali pale palisomeka: *Mtumishi wa masjala alitoa neno la shukrani.* Aliipitia karatasi kwa macho mara tatu. Hakuipa namba. Aliitoa barua ya mdogo wake kwenye jalada la vyoo, akaiweka kwenye jalada la ajali, mbele kabisa, juu ya ripoti, mtu akilifungua akutane nayo kwanza. Hakuna aliyelifungua. Mkuu wake wa kazi alimwonya kwa mdomo kuhusu zile kumbukumbu, kisha akazipa namba yeye mwenyewe.

Nahodha na mabaharia waliendelea kuja jioni, wakaacha kubisha hodi. Jirani wa chini aliweka beseni pale dari linapovuja, yakaisha. Wifi alikuja Jumapili moja, akakaa karibu na mumewe saa nzima, akamfungia kifungo cha shati, akaenda zake.

Kikaja kivuko kipya. Kilijengwa kwa michoro ileile, na kabla hakijaingia majini kikaongezewa sitaha ya juu, kwa kuwa abiria wamekuwa wengi. Nahodha wake mpya, mtu mzima mwenye mvi kwenye masharubu, alikuja kwa Bi Masjala jioni ya kuamkia safari ya kwanza. Alikuwa amesikia habari za pale. Sare yake ilipigwa pasi vizuri, na katika wanaume wote waliokuwa sebuleni ni yeye peke yake aliyekuwa mkavu.

Alicheza pigano la tisa mara tatu, akazama mara tatu. Alikuwa na mkono mzuri, mabaharia walimsifu. Kisha akauliza amri ya kukataa kuondoka inabonyezwa wapi.

"Haipo," alisema mpiga mizinga. "Tumeitafuta."

Mgeni akaomba karatasi. Aliandika barua yake palepale, nahodha wa zamani akimsahihisha vipimo. Bi Masjala aliisoma yote, kisha akaisoma kwa sauti ili wote waisikie. Asubuhi aliigonga muhuri na kuipandisha mwenyewe hadi juu, akasimama mbele ya meza mpaka mkurugenzi alipomaliza kuisoma. Mkurugenzi alisema imeandikwa vizuri sana. Akatazama saa, akasema abiria wameshapanda.

Safari ile ilikwenda ikarudi salama, kama zilivyokwenda na kurudi safari mia mbili za mwanzo za kivuko cha zamani.

Jioni Bi Masjala alirudi nyumbani akakuta mlango wazi. Mabaharia walikuwa wakitoa meza sebuleni na kuipeleka kwenye ujia. Viti walishavitoa, na zulia lilikuwa limekunjwa na kusimamishwa ukutani. Mdogo wake, mikono ya shati ameikunja, alikuwa akipima chumba kwa hatua kutoka dirishani hadi mlangoni, akihesabu.

"Abiria wa kivuko kipya watatosha hapa?" aliuliza dada yake.

"Tukitoa na kabati."

Hasira ilikuwa imemjaa Bi Masjala hadi kwenye ncha za vidole, lakini kabati lilikuwa zito na mtu mmoja asingeliweza. Akashika upande wa pili, wakanyanyua.